Amelazwa Hadi Bwana Arudi

Siku hizo, mtu aliyechoka kumngojea Yesu aliruhusiwa kulazwa usingizi wa miaka, aamshwe Bwana akirudi. Ndekirwa alilazwa akiwa kijana bado. Mkewe, Anaeli, alibaki akingoja macho wazi, akimlea binti yao Nsia, mpaka mvi zikamjaa kichwani.

Nsia alipochumbiwa, Anaeli aliomba mumewe aamshwe.

Ndekirwa alifumbua macho, akatabasamu. “Amekuja?”

“Bado,” Anaeli alisema. “Nsia anaolewa Jumamosi.”

“Nsia? Nsia ana miaka minne.” Tabasamu likamtoka. Akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza kwa adabu, “Samahani, mama. Mke wangu naye wamemlaza wapi?”

Anaeli akamshika mkono, asijue aanzie wapi.