Magoti ya Mzee Zefania

Eeh, alipiga magoti, na miaka yake themanini na minne! Tangu ujana, Mzee Zefania hajawahi kupanda punje ya kwanza ya mahindi bila kupiga magoti shambani kumshukuru Mungu, mvua ije isije. Ila safari hii magoti yaligoma kuinuka. Na alishawaapia wanawe: siku nikishindwa kusimama, jembe nawaachia.

"Baba, chakula kinapoa!" Elikana, mwanawe mkubwa, akaita kutoka nyumbani.

"Bado naomba!"

"Unaombea mji mzima?"

Elikana akamfuata, akaona mapaja yanavyotetemeka, akaelewa. Hakumwinua. Akageuka, akaita, "Mama, leteni ugali huku, leo tunakula shambani!"

Wakaja na masufuria, wakaketi wote kwenye udongo. Mzee akanawa mkono mmoja tu. Wa pili ulikuwa bado umeshika jembe.