Watoto Watatu Jukwaani

Watoto watatu walipopandishwa jukwaani, mwamuzi mmoja mnene wa safu ya mbele alianza kulia kabla yao.

Haikuwa ajabu. Katika mahakama za Athene kila mshtakiwa mwenye akili huleta watoto, na kila mwamuzi mwenye moyo huja na kamasi tayari. Thukritos, mshona viatu, alishtakiwa kwa kung'oa kisiki cha mzeituni wa mungu Athena. Akishindwa, angefukuzwa mjini kabla jua halijazama.

Mshtaki wake alikuwa Epikles, jirani yake ukuta kwa ukuta, msemaji hodari ambaye kwa miezi mitano hakukosa kikao hata kimoja. Kesi sita, ushindi sita. Asubuhi hiyo alikuwa amenguruma mpaka tone la mwisho la mtungi wa maji uliopima muda wake. Sasa ulikuwa ukidondoka mtungi wa Thukritos, na Epikles alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu, masikio yamemwiva.

"Waheshimiwa," alisema Thukritos, "watazameni. Mama yao tulimzika wakati wa mavuno. Kila jioni wanakula mezani kwangu, wanalala juu ya ngozi zangu. Nikifukuzwa, nani atawapa uji?"

"Shuka, mzee, umeshatumaliza!" mwamuzi mmoja alipaza sauti, akipenga kamasi kwa nguo ya mwenzake.

"Hako kasichana kadogo mbavu zinahesabika!" akadakia mwingine. "We Epikles, huoni haya?"

Epikles aliona haya. Yalimpanda kutoka nyayoni hadi utosini, na huko juu yakakosa pa kutokea.

Sheria ilimruhusu mshtakiwa kumwuliza mshtaki wake swali, wala mshtaki hakuruhusiwa kulikwepa. Thukritos akamgeukia, bila ukali.

"Epikles, jirani yangu, sema kweli. Mimi nikiondoka, watoto hawa wana mtu?"

Waamuzi mia tano na mmoja wakainama mbele kusikiliza. Maji yakadondoka. Mtu aliyewahi kuhutubia nusu siku nzima juu ya mbuzi mmoja alitafuta neno, akalipata kwa shida kubwa.

"Hawana," alisema.

Kura zilimwachilia Thukritos bila ubishi. Vifijo vikatikisa mabenchi, na yule mwamuzi mnene akaanza kulia upya, safari hii kwa furaha. Epikles alijifunika kichwa kwa joho lake, akapenya kwenda mlangoni. Watu walimpisha kama wanavyompisha mtu aliyekanyaga mavi.

Nyayo ndogo zikamkimbilia. Yule msichana mdogo alimpita Thukritos, akawapita waamuzi, akalishika pindo la joho lile kwa mikono miwili.

"Baba," aliuliza, "leo utakula na sisi nyumbani?"