Uzi Mweupe, Uzi Mwekundu

Fundi Cherehani alikata nyuzi kumi na mbili na kufunga nyingine kumi na mbili kwa dakika nane. Kwa mtu aliyewahi kuchelewesha sare za kwaya miezi miwili, hiyo ilikuwa rekodi.

Alipomaliza, kuku sita waliokuwa na uzi mwekundu mguuni walikuwa na mweupe, na wale wa mweupe walikuwa na mwekundu. Kuku wenyewe hawakupinga. Fundi alijipangusa mikono, akarudi kwenye mashine yake na kushona kola kwa uso wa mtu aliyetoka kusali.

Chanzo kilikuwa uwanja wa nyuma. Kwa miaka minne Fundi aliuomba kwa mwenye nyumba, aliyeitwa Mama Funguo kwa sababu alisikika kabla hajaonekana. Kwa miaka minne alijibiwa, "Tutaona." Kisha akahamia Babu Miwani, mstaafu mpole. Alisema kazi yake ilikuwa ya kukaa na kutazama, wapangaji wakakubaliana kwamba alikuwa mlinzi. Aliomba mahali pa kufugia kuku, akapewa siku hiyohiyo.

Fundi alinuna siku tatu. Ya nne akatangaza kwamba naye ni mfugaji.

"Gaweni uwanja," alisema Mama Funguo. "Lakini sitaki kelele alfajiri. Jogoo wa mtu akiwika, huyo anaondoa kuku wake wote, na uwanja mzima ni wa mwenzake."

Vifaranga wakaja, kumi na wawili wa siku moja, ndani ya boksi moja. Babu alijitolea kuwagawa. Alikaa chini ya taa, akamshika kila mmoja kichwa chini, akamchungulia mkiani, akaguna. Huyu huku, huyu kule.

"Babu, mbona unawachungulia huko? Wamekukosea nini?"

"Natazama usafi, mwanangu."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaleta nyuzi zake, nyekundu kwa vifaranga wa Babu, nyeupe kwa wake, ili pasiwe na kuibiana. Hayo aliyasema yeye, ambaye ndoo mpya ya Babu ilikuwa mlangoni kwake, na ndoo yake iliyotoboka mlangoni kwa Babu. Ufagio ulikuwa umehama kwa njia hiyohiyo, na kiti pia. Babu hakuwahi kusema neno.

Wiki ya tano roho ikaanza kumuuma. Chakula kilikuwa kimoja na banda moja, lakini wa Babu walikuwa warefu, wenye miguu minene na vinyama vyekundu vilivyochomoza vichwani. Wake walikuwa wadogo, wametulia kama waliokuja kutembea tu. Akawapima kwa futi yake ya kushonea. Wa Babu waliwazidi kwa inchi nzima. Akapima tena, akiwavuta shingo walio wake. Bado.

Na Babu hakumsaidia. Kila asubuhi alisimama chini ya dirisha la Fundi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Lakini umewaona wangu? Wanakua kama wamehongwa! Wako nao... wapo, wapo."

Hiyo "wapo, wapo" ilimchoma kuliko sindano.

Siku moja Babu alibisha hodi. "Nyuzi zinawabana, mwanangu. Wafungie mpya. Mimi nakwenda kliniki, nitarudi jioni. Waangalie sana wangu."

Fundi aliwaangalia sana.

Wiki zilizofuata zilikuwa za raha. Wakubwa wenye uzi mweupe walitembea uwanjani kama wageni rasmi, na Fundi aliwaonyesha wateja kabla ya kuwaonyesha nguo zao. Babu aliwatazama wadogo wenye uzi mwekundu, akatikisa kichwa. "Makubwa," alisema, akawamwagia pumba.

Alfajiri moja, mmoja wa uzi mweupe alipanda juu ya banda, akanyoosha shingo, akawika. Wa pili akamjibu. Jua lilipochomoza walikuwa sita, na funguo zilisikika zikija mbio.

"Wa nani hawa?" Mama Funguo alimdaka mmoja mguu, mswaki mdomoni. "Mweupe! Fundi, beba wako uende nao."

Kulikuwa na jibu moja tu la kumwokoa Fundi, na hilo halikuwa la kusemwa mbele za watu. Akaenda kutafuta boksi.

Mchana aliibeba ile ndoo mpya mpaka chumbani kwa Babu, huenda huruma ikapatikana. Mlango ulikuwa wazi, Babu yuko uwanjani anapima pa kuongeza banda. Fundi hakuwahi kuingia humo. Juu ya kitanda palitundikwa cheti chenye picha: kijana mwenye miwani ileile, koti jeupe, amekaa chini ya taa, kifaranga mkononi, kichwa chini.

Fundi alikisoma taratibu, kama anayesoma vipimo vya nguo aliyokwisha kuikata.

"Miaka thelathini na moja, meza ya kutenganisha vifaranga majike na madume. Makosa: hakuna."