Tangi la Nyuma ya Pampu

Kidole cha Istahil kilisita juu ya simu. Tovuti ya leseni za mazingira ilikuwa imemfikisha kwenye swali la mwisho: je, chini ya kituo chako cha mafuta kuna tangi la zamani?

Lilikuwepo. Marehemu babake alilifukia nyuma ya pampu miaka mingi iliyopita, na siku hizi nyasi za hapo zilikauka hata Nanyuki iliponyeshewa mvua. Chini kidogo ya mteremko, majirani walichota maji kisimani.

"Mama, weka hapana," fundi wake wa pampu alimsihi. "Ati nani atajua? Ukisema iko, watatufungia kituo mpaka ichimbuliwe."

"Mimi najua," Istahil alisema.

Madalali wa mjini walikuwa wametaka kumjazia fomu ya leseni. Alikuwa amekataa. Badala yake, kila jioni baada ya sala alikuwa akifungua kanuni za mafuta kwenye tovuti ile ile, akazisoma kifungu kwa kifungu, mpaka akaelewa tangi bovu huweza kuitendea nini ardhi.

Sasa akabonyeza ndiyo. Kifua kikamjaa, kama siku ile babake alipomkabidhi funguo za kituo.

Hakungoja jibu. Alikaza ushungi wake, akateremka hadi kisimani.

"Msichote tena mpaka maji yapimwe," aliwaambia majirani.

Mama mmoja akatua mtungi wake chini. "Ni nani amesema maji yetu ni mbaya?"

"Ni mimi," alisema Istahil. "Tangi ni langu."