Nukta Mbili Kwenye Mwimo

Tabaka la tatu la rangi lilipobanduka, Twiga aliacha kukwangua. Kwenye mwimo wa mlango wa stoo kulikuwa na mikwaruzo, mmoja juu ya mwingine, na juu ya kila mkwaruzo nukta mbili.

Aliijua. Mama yake alimpima hivyohivyo kwao, kwa ncha ya kibanio cha nywele, kwenye mlango wa jikoni. Mstari kwanza, halafu nukta mbili. "Hayo macho yako," alikuwa akisema. "Yananitazama."

Wanafunzi wa chuo cha ujenzi walikuwa wamesafiri nchi ya mbali kujitolea kuikarabati nyumba hii kongwe. Wengi walifuata safari yenyewe, na picha za kwenda kutambia. Twiga alifuata mlango wa mbele aliouona kwenye tangazo la safari, wenye kishikio cha kichwa cha simba aliyekatika sikio. Mama alipokwenda kufanya kazi za ndani ugenini, alituma picha moja tu, akiwa amesimama kando ya simba huyo. Kila mwaka alipiga simu, na mama mdogo, fundi cherehani, akamsomea kimo cha mtoto kwenye futi yake. Twiga alipofika umri wa miaka kumi, simu zikakoma. Wakala aliyempeleka akasema mama ametoroka kwa mwajiri.

Mkwaruzo wa juu kabisa ulimfika Twiga kifuani. Zaidi ya hapo mbao ilikuwa tupu.

Mwenye nyumba alikuja akijikokota na fimbo. Mgongo wake ulipinda hata akizungumza nawe huvitazama viatu vyako, na kitasa cha mlango alikifikia kwa taabu.

"Bibi, hapa paliishi mtoto?" Twiga aliuliza, akijikaza kisabuni.

"Tangu nihamie hapa hapajawahi kuishi mtoto mdogo. Hizo ni takataka za mfanyakazi wangu. Alitoroka, hata kwaheri hakuaga. Wewe paka rangi, mjukuu wangu."

Twiga akatazama ndani ya stoo. Nyumba nzima ilikuwa na sakafu ya mbao isipokuwa hapo tu, ambapo palimwagwa saruji, tena si saruji ya zamani. Akahesabu miaka tangu simu zikome.

Mwalimu wao naye alikuwa ameiona. "Bibi, hii sakafu si ya asili. Itabidi tuivunje."

"Msiiguse!" Fimbo ilipiga ukuta. "Na huko darini pia nimeshasema, asipande mtu. Mbao zimeoza. Mtakuja kuniulia watoto wa watu hapa."

Bibi alipoondoka, Twiga alimvuta mwalimu pembeni akamweleza yote. Alilia bila kuficha. Miaka yote hiyo watu walimwambia mama yake ni mhuni aliyemtelekeza, na yeye mwenyewe kuna siku aliamini. Aliona aibu kwa hilo kuliko jambo jingine lolote.

"Yuko chini ya ile saruji, mwalimu. Nataka nimrudishe nyumbani, azikwe na watu wake."

Mwalimu alivua kofia, akaivaa tena. "Ukikosea, sote tunafukuzwa nchi hii."

"Najua."

"Basi kesho asubuhi, kabla bibi hajaamka. Tukikuta kitu, tunaita polisi. Leo paka rangi kama alivyotaka, asije akashtuka."

Twiga akapaka. Sehemu ya juu ya mwimo, ile isiyokuwa na alama, aliipaka yote ikang'aa. Chini, penye mikwaruzo, mkono ulimgomea. Aliegemea hapo akalia tena kidogo, na juu yake, penye mwanya wa dari, ubao ukatoa mlio. Kisha akatundika ovaroli lake msumarini. Jioni hiyo, kama kawaida, wanafunzi walirudi hosteli, na mtoto wa bibi, mwanamume wa maneno machache, akaja kufunga milango, kisha akaenda kwake.

Asubuhi mwalimu alifungua kwa ufunguo wake. Bibi alikuwa akikoroma chumbani. Chai ilikuwa mezani, inatoa mvuke, na mkate umekwisha kukatwa. Twiga hakuwa na hamu ya kula. Alivaa ovaroli, akakuta mfuko uliochanika tangu juzi umeshonwa.

"Asante kwa kunishonea," alimwambia mwenzake aliyekuwa akibeba ndoo.

"Mimi? Sindano yenyewe naiogopa," yule alicheka.

Twiga hakuwa na nafasi ya kubishana. Alipokea sururu kutoka kwa mwalimu, akaelekea stoo. Alijiuliza atakuta nini: nguo, nywele, au mifupa mitupu. Aliomba kimoyomoyo akute kibanio kile, apate cha kushika.

"Angalia kichwa, Twiga," mwalimu alisema, maana mlango ulimzidi kimo kidogo tu.

Aliinua macho kabla ya kupita, akauona mwimo.

Juu, kwenye rangi aliyoipaka mwenyewe jana, palikuwa na mkwaruzo. Ungaunga wa rangi ulikuwa bado sakafuni. Juu ya mstari kulikuwa na nukta mbili.

"Tuanze?" mwalimu aliuliza.

Sururu ilimponyoka. Alisimama wima, visigino kwenye mbao, akaweka kiganja utosini na kukirudisha nyuma polepole, kama alivyofundishwa utotoni. Kiganja kiligusa mwimo pale pale kwenye mstari.