Mapigo ya Mzee Shomari

Sare ya mwanafunzi wa uuguzi Mwanaidi ilipigwa pasi hata ingeweza kuzunguka wodi peke yake. Alinawa mikono hadi viwikoni, akamshika Mzee Shomari kwenye kifundo cha mkono kwa kidole gumba, akaikazia macho saa kama hakimu.

"Mapigo yanakwenda vizuri, bibi," alimwambia mke wa mgonjwa. "Yana nguvu kama ya kijana."

"Alhamdulillahi! Alivyonyamaza, alinitisha mzee huyu!" Bi Tatu alifuta machozi, akafungua chupa ya uji.

Sista Felista, mwalimu wake Mwanaidi, akaja kuhakikisha. Aliweka vidole viwili palepale, akasubiri. Akahamia shingoni, akasubiri tena.

"Ulimpima kwa kidole gani?" alinong'ona.

Mwanaidi akainua gumba.

"Gumba lina mapigo yake, binti. Umehesabu moyo wako. Mzee ameshafariki. Wewe ndiye uliyemwambia mkewe yu mzima, basi mwambie wewe."

Mwanaidi akageuka. Bi Tatu alikuwa akipuliza uji kijikoni.

"Mwinue kichwa kidogo, mwanangu, nimnyweshe."

Mwanaidi akafungua mdomo amwambie. Kijiko kilikuwa kinakuja taratibu kwenye midomo ya mzee, kikitoa mvuke.