Tela la Kupanda Kilema

Dainess alikanyaga ncha ya kamba kwenye vumbi, akaivuta juu hadi sakafu ya tela, akatikisa kichwa.

“Hili limekaa juu sana, mzee.”

Swaleh, mwenye yadi, alicheka. Miaka ishirini anakodisha matela pale Moshi mjini, hajaona mteja anayepima tela kwa kamba ya mbuzi.

“Binti, hilo ndilo jepesi. Aluminiamu tupu, tani tano. Watu wanaligombania.”

“Uzito nimeupenda. Lakini waya za umeme za Kilema nimezipima, na mzigo wangu nimeupima. Sakafu ikipita fundo hili, nakata umeme wa kijiji kizima.”

“Basi chukua lile la chuma, liko chini.”

“Lina tani ngapi?”

“Nane.”

Dainess alihesabu kwa sauti, kwa vidole. Kichwa cha gari tani nane, tela nane, mzigo sita. “Daraja letu linabeba ishirini, mzee. Tutaingia mtoni mimi na dereva wako.”

Swaleh akaacha kucheka. “Mzigo wenyewe ni nini? Mashine ya kusaga?”

“Hauna mota.”

“Tangi?”

“Nikikwambia, utamwambia mkeo. Mkeo atamwambia shoga yake. Na shoga yake hakosi ndugu Kilema, atamfikishia shemeji yangu.”

Shemeji huyo, Faustin, ndiye aliyemfanya asitulie mahali. Fabian, mume wa Dainess, alifariki mwaka jana, na hawakujaliwa mtoto. Faustin akaitisha kikao cha ukoo: kihamba chao, shamba la urithi la migomba na kahawa, hakikai kwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Wazee wakakubali. Mmoja akamwonea huruma, ikaandikwa kwamba Dainess achukue kila alichonunua kwa fedha zake za parachichi, mwisho Jumamosi saa sita mchana. Kitakachobaki ni cha ukoo.

Faustin alitia sahihi wa kwanza, anacheka. “Vyombo na mashuka! Pikapu moja inatosha, na nafasi ya kuku inabaki.” Alikuwa ameshamwahidi mwanawe Given kwamba atahamia pale na mke wake.

Sasa ilikuwa Alhamisi.

“Na lile?” Dainess alionyesha tela lililokuwa karibu na geti. Mbele lilikuwa juu kidogo, kisha sakafu ikashuka kama ngazi, nyuma yote ikawa chini. Hakusubiri jibu. Alikanyaga kamba, akavuta. Vidole vinne vilibaki kufika kwenye fundo.

“Tani tano na nusu,” alisema Swaleh. “Jumla yako kumi na tisa na nusu. Ila kama mzigo wako ni mpana, polisi watakusimamisha.”

“Kibali ninacho.”

“Umejipanga, mwanangu. Lakini kesho linakwenda Holili. Litarudi Jumamosi asubuhi.”

“Asubuhi ya saa ngapi?”

“Asubuhi ya Mungu. Mpakani hakuna saa.”

Jumamosi saa moja Dainess alikuwa amesimama njia panda ya Kilema, simu mkononi. Saa mbili hakuna gari. Saa tatu akampigia Shakiru, dereva wa Swaleh.

“Uko wapi, kaka?”

“Himo, dada, nakuja.”

“Saa moja ulikuwa Himo. Kwani Himo ziko ngapi?”

Akakata, simu ikaita tena. Alikuwa fundi Efraimu, anapiga kutoka kihambani. “Dada, jeki zote zimeshakaa. Nianze kuinua?”

“Bado. Shemeji hajapita.”

Akapita kweli, Faustin, juu ya bodaboda, anakwenda Tarakea kumnunulia Given godoro. Akasimamisha.

“Shemeji! Pikapu bado? Jana kutwa nzima nimesikia unapigilia misumari. Hayo masanduku ni mangapi?”

“Nimemaliza, shemeji.”

“Saa sita nakuja na wazee. Nisikukute umekaa mlangoni unalia.”

“Hutanikuta. Safari njema.”

Bodaboda ilipopotea kwenye kona, alimpigia Efraimu. “Inua.”

Akaanza kutembea, akarudi, akatembea tena. Akinamama waliokuwa wanauza ndizi walimwambia akae, akakaa, akanyanyuka. Wingu lilikuwa linashuka kutoka mlimani. Mvua ikinyesha, njia ya kihambani inakuwa sabuni.

Tela lilitokea saa nne kasoro. Dainess hakupanda garini. Alitangulia kwa miguu, kinyumenyume, macho kwenye waya, mkono juu, mpaka kihambani. Shakiru alishuka, akautazama mzigo, akavua kofia.

“Dada… huu?”

“Huo huo. Rudi nyuma taratibu, ukisikia nimepiga kelele simama.”

Alirudi nyuma mara tatu, akaharibu mara mbili. Ya tatu Efraimu akalegeza jeki moja moja, huku Dainess ameshika kiuno, midomo inacheza kama anayesali rozari. Matairi yalididimia kidogo, yakatulia. Wakafunga minyororo. Matone ya kwanza yalianguka saa tano na nusu, wakati gari linatoka.

Saa sita kamili Faustin aliingia kihambani na wazee watatu, Given nyuma yao na godoro kichwani. Walipita njia ya mkato kwenye migomba wanacheka, wakatokea uwanjani, kicheko kikakatika. Mbele yao yalikuwa mawe kumi na mawili ya msingi, basi.

Kule chini tela lilikuwa linavuka daraja polepole, na juu yake, kwenye madirisha ya nyumba ya mbao iliyojengwa kwa fedha za parachichi, mapazia yalikuwa yanapepea.